Mfalme Wako Anafanya Upuuzi: Namna ya Kuandika Mtawala Anayeaminika Katika Hadithi ya Fantasia ya Mfululizo

Swali hili hunirudia kila baada ya wiki chache, kwa maneno tofauti: "Wasomaji wangu wanasema mfalme wangu hana akili. Nifanyeje?" Mara ni mfalme aliyemkamata shujaa akamwacha hai bila sababu. Mara ni malkia aliyepeleka majeshi yote mpakani, mji ukabaki na bawabu mmoja. Mara ni mtawala katili anayenyonga waziri kila baada ya sehemu tatu, na bado kuna foleni ya wanaotaka uwaziri. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yangu yote nimeyaweka hapa.

Nikwambie mapema ugonjwa uko wapi. Unataka shujaa atoroke, basi unamfanya mfalme mzembe ili shujaa atoroke, na msomaji anauona mkono wako. Msomaji hana ugomvi na mfalme anayekosea. Wafalme wamekosea tangu viti vya enzi vichongwe. Kinachomuudhi ni mfalme anayekosea kwa faida ya mwandishi. Kazi iliyo hapa chini ni kulirudisha kosa kwa mwenyewe, litokane na anachokijua, anachokiogopa, na watu anaowategemea.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Sehemu zote ulizokwisha kutoa, na moyo wa kuzisoma tena bila kuzionea haya.
- Daftari la mtawala. La mtawala peke yake. Mambo ya milima, lugha na majoka yawe kwingine.
- Ramani, hata ya kuchora kwa kalamu ya risasi. Umbali uandike kwa siku za safari: ngapi kwa miguu, ngapi kwa farasi.
- Majina ya watu watano hadi saba wanaoweza kumfikia mtawala bila kuomba ruhusa.
- Akiba ya sehemu tatu au nne ambazo hujazitoa.

Hiyo akiba wengi huiruka. Mwandishi wa riwaya nzima anaweza kurudi sura ya 4 akaficha kisu kitakachotumika sura ya 30. Wewe wa mfululizo huna ruhusa hiyo. Kilichotoka kimetoka, na wasomaji wako wana kumbukumbu kali kuliko yako. Sehemu tatu mkononi ndizo nafasi pekee uliyo nayo ya kupanda sababu kabla tendo halijafika.

Tutumie mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mfalme Radi amemkamata kijana aliyechoma ghala lake kuu la nafaka. Mwandishi anataka kijana atoroke sehemu ya 12. Katika rasimu ya kwanza Radi anamtia gerezani, anamwekea mlinzi mmoja mlevi, kisha anakaa naye nusu usiku akimsimulia mpango mzima wa vita. Kijana anatoroka. Wasomaji wanatukana. Tumtengeneze.

Hatua ya 1: Andika kilichomfikia, na kimemfikia lini

Gawa ukurasa wa daftari mara mbili. Kushoto andika yaliyotokea. Kulia andika yaliyomfikia mtawala, nani kamletea, na baada ya siku ngapi. Ukimaliza, funika upande wa kushoto kwa kiganja, kisha amua kama mfalme.

Habari zina miguu, na miguu huchoka. Barabara ya kifalme ya Uajemi ya kale, kutoka Sardis hadi Susa, ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 2,500. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anaihesabu kuwa safari ya siku 90 kwa mtembea kwa miguu. Matarishi waliopokezana farasi kituo kwa kituo hukadiriwa kuwa waliimaliza kwa siku kama 9. Huo ndio uliokuwa mfumo bora wa zama zake, na bado mfalme aliyeketi Susa alikuwa akitawala mpaka wa wiki iliyopita. Kama himaya yako ni kubwa na haina vituo vya farasi, mfalme wako anatawala mpaka wa msimu uliopita.

Tazama Radi anavyobadilika. Siku ghala lilipoungua, jirani yake wa kaskazini alikuwa anakusanya watu mpakani kwa ajili ya mazishi ya mama yake. Habari ya mkusanyiko ilifika kasri. Habari ya mazishi ilichelewa kwa siku sita. Radi ameunganisha moto na mkusanyiko, akaamini kijana ametumwa. Amekosea, lakini wewe ungekuwa kwenye kiti kile ungekosea vilevile.

*Angalizo:* usimpe mfalme maarifa ya msimulizi. Mtawala anayemjua msaliti kwa kumtazama machoni huwafurahisha wasomaji mara moja tu. Mara ya pili watauliza mbona yule mwingine hakumtazama machoni.

Hatua ya 2: Wahesabu wanaombeba

Hapa ndipo hadithi nyingi huponea au kufia, kwa hiyo usikimbie.

Hakuna mtawala anayetawala peke yake, hata awe na upanga unaoongea. Kuna anayeshika funguo za hazina, anayeamrisha walinzi wa mlangoni, anayesema na miungu kwa niaba yake, anayekusanya kodi za kusini. Kwa kila jina andika majibu matatu: anapata nini mtawala akiwa hai? Anaogopa nini? Na akiondoka, anaondoka na nini? Jibu la tatu ndilo lenye kazi. Kama amiri jeshi akiondoka anaondoka na nusu ya jeshi, mfalme hawezi kumpiga kofi mbele ya watu kisha maisha yakaendelea.

Mwaka 41 mfalme Caligula wa Roma aliuawa, na mmoja wa waliomshambulia alikuwa Cassius Chaerea, ofisa wa kikosi chake mwenyewe cha ulinzi. Inasimuliwa kwamba Caligula alikuwa na mchezo wa kumdhihaki Chaerea kwa sauti yake, na kila Chaerea alipokwenda kuchukua neno la siri la zamu, alipewa neno la aibu la kwenda kulitamka mbele ya wenzake. Kuna sababu nyingine za kisiasa, lakini kwa mwandishi hilo neno la siri ni zawadi. Mwaka 193 walinzi wa kikosi hichohicho walimuua mfalme Pertinax, kisha wakakinadi kiti chake. Didius Julianus alishinda mnada kwa kuahidi kila askari sarafu 25,000 za sestersi. Alitawala kwa muda wa wiki tisa hivi. Ukitaka mtawala dhaifu anayeaminika, unaye huyo: amenunua kiti kwa watu walewale waliomchinja aliyetangulia, na anajua kila usiku nani amesimama nje ya mlango wa chumba chake.

Rudi kwa Radi. Kwa nini hamuui kijana? Katika rasimu ya kwanza hakukuwa na jibu, zaidi ya kwamba hadithi ingekwisha. Sasa mpe kijana mjomba, naye mjomba awe mkuu wa ukoo unaoshika kivuko cha mto. Radi akimuua kijana, kivuko kinafungwa wiki hiyohiyo anayodhani jirani wa kaskazini anakuja. Akiwa hai gerezani, kijana ni mateka na mjomba anabaki mpole. Lile lalamiko la "mbona hamuui?" limekufa, na juu yake umepata mhusika mpya bila kumlazimisha.

*Angalizo kuhusu mtawala katili:* ukatili lazima uwe na mpangilio ambao waliomzunguka wanaudhani wanauelewa. "Anaua wezi wa hazina" ni mpangilio. "Anaua wanaomkosoa hadharani" ni mpangilio. Watu huishi na mpangilio, hata mbaya, kwa sababu kila mmoja anajiona ameijua njia ya kupita salama. Mtawala anayeua yeyote, wakati wowote, kwa lolote, huwapa wote walio karibu naye sababu moja ya kuungana. Ukimwandika hivyo, mwandikie na kifo chake hapo karibu.

Hatua ya 3: Fungua hazina na ghala

Mkono mtupu haulambwi, na jeshi lisilolipwa hutafuta mkono mwingine. Mwaka 1575 mfalme Philip II wa Hispania alisitisha kuwalipa wadai wake. Askari wake waliokuwa vitani kaskazini wakakaa bila mishahara, na Novemba 1576 wakauvamia na kuupora Antwerp, mji uliokuwa chini ya mfalme wao huyohuyo. Charles I wa Uingereza alitawala miaka 11 bila bunge, na mwaka 1640 akalazimika kuliita kwa sababu vita na Waskoti vilihitaji fedha alizokuwa hana. Mwaka 1649 alikatwa kichwa. Matukio haya hayakuhitaji mfalme mpumbavu, yalihitaji sanduku tupu.

Hesabu ya kutosha kwa hadithi ni hii: askari mmoja anahitaji nafaka kilo moja hivi kwa siku. Askari 10,000 ni tani 10 kwa siku, tani 300 kwa mwezi, na hapo farasi hawajala. Jeshi la miguu lenye mizigo likitembea kilomita 20 kwa siku limejitahidi. Andika namba hizi kwenye jalada la daftari. Kila mfalme wako anaposema "tutaandamana kesho alfajiri," zitazame.

Kwa Radi, hatua hii ndiyo inayomtoa kijana gerezani. Ghala limeungua. Posho ya walinzi imekatwa nusu tangu sehemu ya 9. Mlinzi wa gereza ana watoto wanne, na mjomba wa kivukoni ana nafaka. Huna tena haja ya mlevi. Mlinzi yu macho kabisa, anahesabu vibaba, na kijana anatoka kwa njia iliyofunguliwa na moto alioutia mwenyewe bila kulijua hilo. Wasomaji watakuambia ulipanga tangu mwanzo. Kubali tu.

Hatua ya 4: Mpe mtu mmoja hoja ya msomaji

Kabla mtawala hajafanya jambo la ajabu, jiulize msomaji atapiga kelele gani. Hiyo kelele mpe waziri aiseme mbele ya mfalme, kwa maneno makali. Kisha mfalme aikatae kwa sababu iliyomo tayari kwenye daftari lako.

"Mtukufu, mwongezee walinzi."

"Kwa chakula kipi, mzee wangu?"

Mistari miwili tu, na shimo limezibwa. Sababu ikiwa dhaifu utaisikia papo hapo kwa sababu mfalme ataanza kuhutubia. Mfalme anayejibu waziri wake kwa aya tatu anamjibu msomaji, na hilo lina harufu.

Hatua ya 5: Amri ipitie mikononi mwa watu

Mfalme akisema "mfungeni," nani anaandika, nani anatia muhuri, nani anabeba, nani anafunga? Kila mkono ni mahali ambapo amri inaweza kuchelewa, kupotoshwa au kuuzwa. Mwaka 210 KK mfalme wa kwanza wa Qin, huko China, alifariki akiwa safarini. Towashi Zhao Gao na waziri mkuu Li Si walikificha kifo, wakaweka mikokoteni ya samaki waliooza kwenye msafara ili kufunika harufu ya maiti, na wakatuma waraka wa kughushi ukimwamuru mwanamfalme Fusu ajiue. Jenerali aliyekuwa naye alimsihi kwanza ahakikishe. Fusu hakuhakikisha, alitii. Ukiisoma bila kujua desturi za nyumba ile utasema ni mjinga. Ukikumbuka kwamba alilelewa kuamini kuwa kuhoji amri ya baba ni uasi, unamwelewa, na inauma zaidi.

Nami niliwahi kuandika malkia aliyetoa amri tisa katika sehemu moja, zote zikatekelezwa kabla ya jua kuzama, mmoja wa watekelezaji akiwa ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyelalamika kuhusu malkia. Walilalamika kuhusu mimi.

Hatua ya 6: Toza bei ndani ya sehemu tatu

Kila uamuzi mkubwa wa mtawala lazima uache doa linaloonekana kabla sehemu tatu hazijapita: bei ya mkate imepanda, kaka wa aliyenyongwa hahudhurii baraza, kijiji kimehama. Doa dogo linatosha. Kwenye mfululizo msomaji anasubiri siku au wiki kati ya sehemu na sehemu, na bei ikichelewa hadi sehemu ya 40 atakuwa ameshaamua kwamba ulisahau.

Hatua ya 7: Uchawi nao uhojiwe

Kama mfalme ana mchawi anayeona mbali, kwa nini hakuuona moto wa ghala? Weka kikomo mapema, kiwe cha kawaida na kichoshe: anaona maji tu, analala siku mbili baada ya kila ndoto, au analipwa na mtu mwingine. Kikomo kinachozaliwa siku ileile kinapohitajika kinaitwa uongo.

Hatua ya 8: Kagua mstari wa mwisho wa sehemu

Upuuzi mwingi wa wafalme huzaliwa hapa. Unataka taharuki, basi mfalme anasimama ghafla na kutamka, "Mleteni binti yangu, naye atakufa!" Itaendelea. Sehemu inayofuata unagundua hakuna sababu ya binti kufa, unatafuta njia ya kurudi nyuma, na mfalme anaonekana kigeugeu. Dawa ni kuandika kurasa mbili za mwanzo za sehemu inayofuata kabla hujatoa hii. Zikikataa kuandikika, badilisha mstari wa mwisho. Taharuki nzuri hutokana na mfalme kufanya jambo la busara kwa habari ambayo msomaji anajua ni ya uongo.

Ukikwama

*"Mfalme wangu ni kichaa. Je, kichaa naye anahitaji sababu?"* Anahitaji walio karibu naye wawe wazima. Herodotus anasimulia kwamba dhoruba ilipovunja madaraja ya Xerxes, mfalme wa Uajemi, kwenye mlangobahari wa Hellespont, mfalme aliamuru bahari ichapwe viboko 300. Kichekesho, sawa. Lakini wasimamizi wa madaraja walikatwa vichwa, mafundi wengine wakajenga mapya yenye nguvu zaidi, na mwaka 480 KK jeshi likavuka. Wazimu ulikuwa juu, kazi ikaendelea chini. Waandishi wengi huchukua viboko na kusahau madaraja.

*"Nimeshatoa sehemu 40, na upuuzi uko sehemu ya 7."* Usiamke na kusema ilikuwa ndoto. Soma tena sehemu ya 7 na uulize: ni habari gani ambayo, kama mfalme angekuwa nayo, tendo lile lingekuwa na maana? Barua ya kughushi, deni la siri, ugonjwa anaouficha. Kisha hakikisha kwamba popote ulipoingia kichwani mwake hukuandika mawazo yanayopinga hilo. Kama uliandika, sababu ihamishie kwa mtu aliyemshauri. Na mtu mwingine ndani ya hadithi aseme wazi kwamba tendo lile lilikuwa la ajabu. Msomaji husamehe upesi akiona hayuko peke yake.

*"Mfalme amekufa, kesho yake kuna mwingine, na kila mtu ametulia."* Hawatulii. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipofariki baharini mwaka 1856 akirejea Unguja kutoka Oman, mwanawe Barghash aliyekuwa naye safarini alijaribu kutwaa kiti kabla ya kaka yake Majid, akashindwa. Mgogoro wa Majid na ndugu yao Thuwaini wa Oman ulikwisha mwaka 1861 kwa kuigawa himaya, na Zanzibar kutakiwa kulipa Oman dola 40,000 za Maria Theresa kila mwaka. Hapo una watoto watatu, chombo kimoja, maiti moja na deni la kila mwaka. Kama kifo cha mfalme wako hakijakupa angalau sehemu tano, umekitumia vibaya.

*"Nikimpa mfalme akili, shujaa wangu anashindwa kila mara."* Vizuri, kwa sababu hadi sasa shujaa alikuwa akipewa ushindi. Fungua orodha ya hatua ya 2, mtafute aliye na njaa kuliko wote, na mpeleke shujaa kwake badala ya kumpeleka kwenye lango kuu.

*"Mfalme bado anamsimulia mateka mpango wake wa vita."* Mfute mateka kwenye tukio hilo, muweke mhazini. Radi anaeleza mpango kwa sababu anaomba fedha za kuutekeleza, na kijana anasikia kupitia ukuta maneno manne tu, mawili kati yake ameyasikia vibaya.